Mawe ya Bwawa la Perege

Mume wangu alikuwa fundi mwashi. Bwawa letu la samaki alilichimba mwaka wa pili wa ndoa yetu, nyuma ya jiko, pale kibanja chetu cha migomba cha Igurwa kinapoanza kuteremka kuelekea bondeni. Lilikuwa dogo, hatua kumi kwa sita. Tulifuga perege humo, na kwa maji yake nilimwagilia mboga.

Ukingoni, pande tatu, alipanga mawe bapa ili mvua isimomonyoe udongo. Hakutumia saruji hata kidogo. Aliyalaza yakiegemea ukingo, akashindilia udongo wa kichuguu nyuma yake, kisha akalikaza kila jiwe kwa vijiwe vyembamba. Nilikuwa napita juu yake na ndoo kichwani, wala hayatikisiki. Lakini kila kiangazi alichomoa vile vijiwe, akayang'oa mawe ya upande wa chini kwa mtaimbo, akalifikia bomba la kutolea maji. Hapo tulizoa tope na kuyarudisha mawe.

Miaka ya themanini ikielekea ukingoni, akaanza kuugua. Alikonda mpaka mkanda ukamzunguka kiuno karibu mara mbili. Ugonjwa wenyewe watu waliunong'ona tu. Nyumbani kwetu hakuna aliyeutaja. Kiangazi kile hakuweza kusimama. Nilimtandikia mkeka nyuma ya jiko apate jua, naye akanielekeza kazi kutoka pale alipolala.

Kutoa mawe ya upande wa chini na kuzoa tope niliweza. Kuyarudisha ndiko kulikonishinda. Nikilegeza, jiwe linateleza majini. Nikigonga sana, ananizuia.

"Umelikaza mno, mama watoto. Mwakani hutalitoa."

"Nisipokaza linaanguka."

"Sikiliza mkono. Utakwambia."

Mkono wangu haukuniambia kitu. Alijaribu kuinuka anionyeshe, akaegemea viwiko, viwiko vikakunjika. Akageukia ukutani. Nilijifanya natafuta kijiwe kwenye nyasi.

Siku ya nne akaja kaka yake mkubwa, mfanyabiashara wa Murongo, na mifuko miwili ya saruji ndani ya pikapu. Alinikuta na tope mpaka magotini.

"Shemeji, huwezi kuendelea hivi," alisema. "Una mgonjwa, na bado unahangaika na mawe. Leo tunamaliza kazi hii."

"Yeye anataka yawe ya kutoka."

"Yatoke yaende wapi?"

Aliuliza kwa upole kabisa. Huyu ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni mara mbili kumpeleka hospitali, gari lilipokosekana. Ningemkataliaje? Alikunja suruali akaanza kuchanganya saruji na mchanga.

Mume wangu alisema, "Kaka, yaache ya kwenye bomba." Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo mno, na koleo lilikuwa linakwaruza chini. Kaka hakusikia. Mimi nilisikia. Akanitazama nimsemee. Nilichukua ndoo nikaenda kuchota maji ya kuchanganyia saruji.

Niliporudi, mawe ya kwenye bomba yalikuwa yameshajengewa. Mume wangu alikuwa amefumba macho. Hatukulizungumzia tena, na wiki sita baadaye akafariki. Tulimzika kibanjani, chini kidogo ya bwawa.

Vuli ile mvua ilikuwa kubwa. Tope na majani makavu ya migomba vikaziba bomba. Asubuhi moja nikakuta maji yamevuka ukingo, yanateremka moja kwa moja kwenye kaburi, na udongo wake ulikuwa bado mbichi. Nilichukua mtaimbo nikaupigilia kwenye ule ukingo wa saruji. Jiwe lilivunjika uso, halikutoka. Nikapiga tena na tena, mpaka viganja vikachubuka. Upande mmoja wa kaburi ulikuwa umeanza kudidimia.

Mama mkwe, aliyekuwa akikaa nami tangu mazishi, alitoka jikoni na jembe.

"Mwanangu, achana na hayo mawe. Tukate huku."

Tukakata ukingo wa pembeni, mbali na kaburi, ule wa udongo mtupu, mimi na yeye, mvua ikitunyeshea. Maji yote yakatoka kwa kishindo kuelekea bondeni, na perege wote wakaenda nayo. Majirani waliwaokota kwenye matuta ya viazi, wakatuletea wachache kwenye beseni. Sikuweza kuwala. Tulirudisha udongo wa kaburi kwa mikono.

Shemeji alipokuja tena alisimama mbele ya bwawa tupu, akauliza kulikoni.

"Ni mvua," nilimjibu.

Mama mkwe alinitazama, akaingia jikoni. Shemeji aliugusa ukingo wake kwa kiatu, akasema angalau upande huu umehimili. Nikamwambia ndiyo, umehimili, nikamkaribisha ndani ale.

Mwaka uliofuata nilipanda magimbi mle bwawani.