Kibodi za Katoni

Mara ya kwanza kuona soksi za walimu wangu ilikuwa likizo ya Aprili, nikiwa kidato cha pili. Mpaka siku hiyo nilidhani mwalimu huzaliwa na viatu. Kumbe ndani ya vile viatu vilivyong'arishwa, vile vile vilivyotusubiri langoni tukichelewa, mna vidole vinavyochungulia nje kama watoto wa jirani.

Walivua kwa sababu ya vumbi. Mtu wa Voi haelezwi vumbi. Letu ni jekundu, na linaingia kwenye chai, kwenye masikio, hata kwenye Biblia iliyofungwa. Na kompyuta, tuliambiwa, haipatani na vumbi. Zilikuwa nne, zimeletwa na wafadhili, zikawekwa katika stoo ya zamani ya maabara, chini ya paa la mabati. Kila moja ilikuwa na kioo kama televisheni ndogo, kibodi nene kama tofali, na redio kaseti pembeni. Ndiyo, redio kaseti. Programu ilikuwa ndani ya kaseti. Unaichezesha, kompyuta inaisikiliza kimya kimya dakika kadhaa, halafu inaamka na kuanza kazi.

Walimu kumi na wawili waliletwa shuleni kwetu kufunzwa kwa wiki mbili. Wengi walitoka milima ya Taita, mmoja Maungu, na mmoja alishuka kwenye treni ya Taveta na kikapu cha ndizi kilichotufanya tumpende kabla hajafungua mdomo. Aliyewafunza alikuwa kijana wa Mombasa, mpole, kila neno lake limekunjwa vizuri kama shati la Ijumaa. Yeye ndiye aliyetaka wanafunzi wa kufanyia mazoezi. Sasa wale wa darasa la A, wanaopokezana nambari moja hadi kumi, walikuwa wamekwenda kwao Wundanyi na Mgange kwa likizo. Waliobaki karibu ni sisi wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Na sisi wa landhi, sijui nani alipanga mambo hivi, karibu sote tulikuwa darasa la C. Tukaitwa ishirini na watatu. Tukaja. Tusidanganyane, tulifuata chai na mkate.

"Hawa ndio?" mwalimu mkuu aliuliza, akitutazama kama mtu aliyeagiza mbuzi akaletewa kuku.

"Ndio waliopo, mzee," akajibu Madam.

Madam alikuwa mwalimu wetu wa sayansi kimu, mama mfupi wa Mwatate, anatembea mbio mbio kila wakati kana kwamba ameacha kitu jikoni. Yeye ndiye aliyetufundisha kushona vifungo na kuoka keki kwa sufuria yenye mchanga. Alipojiandikisha kwa mafunzo hayo watu walishangaa. Mwalimu wa hesabu, ambaye sote tulimwita Sir, alishangaa kwa sauti.

"Madam, na hii utaipikia nini?"

"Nitaanza na wewe, Sir. Nitakuchemsha pole pole."

Siku hiyo hiyo mwalimu mkuu alitoa msimamo wake, na hakujali kwamba tunasikia. Mashine ni nne, wanafunzi ni mia nne. Atachagua arobaini wenye vichwa, hasa wavulana wa sayansi. Wengine waendelee na kilimo.

"Na hawa?" Madam akauliza.

"Hawa wataziona kupitia dirisha. Dirisha ni kubwa."

Watu walicheka, hata mimi nikacheka, kwa sababu mimi hucheka kwanza ndipo nifikirie. Madam hakucheka. Alisema kila mwalimu atafundisha somo lake la mwisho mbele ya mwalimu mkuu, sivyo? Basi yeye apewe C hao hao. Wakiweza kuandika kwa kompyuta bila kuvunja kitu, shule nzima iwekwe kwenye ratiba, A mpaka C, wasichana kwa wavulana.

"Na wakishindwa?"

"Wakishindwa sitalitaja jambo hili tena."

"Nimekubali, Madam. Na mashahidi ni hawa walimu wote."

Ungedhani baada ya hapo ningetulia. Lakini somo la kwanza la mazoezi lilikuwa la Sir, na Sir alifundisha kompyuta kama anavyofundisha pembetatu: yeye anashika, sisi tunanakili. Tulichora kibodi kwenye daftari kwa rula. Kugusa, marufuku. Kuuliza, subiri. Saa nzima nilichora vijumba vya mraba huku kitu chenyewe kiko hatua mbili kutoka puani mwangu.

Kesho yake nilikuja na kaseti ya rumba ya kaka yangu ndani ya soksi. Walimu walipokuwa wanavua viatu nje, mimi nilikuwa ndani nabadilisha kaseti.

Sir akabonyeza. Ile redio, kwa kuwa waya wake umeingia kwenye kompyuta, haikutoa sauti yoyote. Kioo kikabaki cheusi.

"Inapakia," akasema Sir.

Dakika kumi zikapita.

"Bado inapakia. Tulieni."

Dakika ishirini. Jasho likamteremka shingoni. "Hii," akatuambia, "ni programu kubwa sana."

Walimu wenzake walitikisa vichwa kwa heshima. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema hajui. Dakika ya ishirini na tano yule kijana wa Mombasa akapita, akainama, akachomoa waya. Gitaa likajaa chumba kizima. Mwalimu wa Taveta alianza kutikisa mabega kabla hajajizuia. Tulicheka hadi mwenzangu mmoja akaketi sakafuni. Halafu macho yote yakageuka kunitazama mimi. Hakukuwa na haja ya uchunguzi.

"Mnaona?" Sir akasema, akichomoa kaseti. "Hiyo ndiyo C. Mwalimu mkuu alisema kweli."

Hapo kicheko kikaniishia tumboni.

Madam aliniita verandani. Nilitarajia kiboko, nikawa nimeshaanza kukaza misuli.

"Unajua umefanya nini?"

"Nimefanya mchezo, Madam."

"Umempa mzee sababu. Alikuwa anaitafuta, na wewe umemletea mkononi." Akachungulia mlangoni kama kuna anayesikia. "Ilikaa muda gani?"

"Dakika ishirini na tano, Madam."

Aligeuza uso upande wa reli. Mabega yalimcheza. Aliporudi kunitazama alikuwa mkali tena. "Kwa nini Sir hakuuliza mtu?"

"Aliogopa."

"Aliogopa nani?"

"Sisi. Kwamba tutamcheka."

"Na mngemcheka?"

Alijua jibu, tena alijua nani angeanza.

Adhabu yangu ilikuwa hii: niende maduka ya stesheni, niombe katoni za sabuni, nizikate vipande ishirini na vitatu, na juu ya kila kipande nichore kibodi nzima, kila herufi mahali pake, kwa ukubwa wake kamili. Nizilete asubuhi. Nyumbani mama aliniuliza kama siku hizi shule imekuwa kiwanda. Nilichora hadi vidole vikanuka sabuni. Kibodi ya kwanza niliiangalia daftarini kwa kila herufi. Kufika ya kumi sikuhitaji daftari. Ya mwisho niliichora huku nikigombana na kaka yangu, ambaye alikuwa anatafuta kaseti yake.

Basi wiki iliyobaki tulikaa verandani, kila mmoja na katoni mapajani. Madam alitufundisha kama anavyofundisha kufuma. "Kidole hiki kwao ni hapa. Kinatoka, kinabonyeza, kinarudi kwao. Usikiangalie, kinajua njia." Alikuwa anaita neno, nasi tunaligonga kwenye katoni. Ukikosea hakuna aliyejua ila wewe, na katoni haikusengenyi. Siku ya tatu mwalimu wa Maungu alitoka ndani akaomba moja. Kisha wa Taveta. Kisha Sir mwenyewe akaja akasimama nyuma yangu, mikono mgongoni.

"Lete hiyo nione kama umechora sawa," akasema.

Aliichukua akaenda nayo pembeni. Alikagua kwa saa nzima, midomo ikitamka herufi. Mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nilikuwa na mzaha mzuri sana na nikaumeza.

Siku ya somo la Madam ikafika. Sasa, yeyote aliyekulia Taita anajua kwamba kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa, kochi lina kitambaa, hata chupa ya chai ina kitambaa. Madam alikuwa ameshona vinne vya kompyuta, khaki nzito ya yunifomu, kingo zimefumwa maua ya rangi ya machungwa. Na kwa kuwa alilelewa na redio ya mbao ya baba yake, ile ya kuwashwa mapema ipate moto kabla ya taarifa ya habari, alifika saa kumi na mbili asubuhi, akaziwasha zote nne zipate moto, na akazifunika zisiingie vumbi mpaka wageni wafike.

Saa tatu, Voi, chini ya mabati.

Mwalimu mkuu alivua viatu mlangoni. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa nje ya soksi, kizima, kinatusalimia. Niliuma ulimi. Ndipo nikasikia harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.

Madam alivuta kitambaa cha kwanza. Kioo kimya. Cha pili, kimya. Kijana wa Mombasa aligusa mashine moja akarudisha mkono haraka.

"Madam, zimekosa pumzi hizi. Tuzizime zipoe. Saa nzima hivi, kama Mungu akipenda."

Mwalimu mkuu aliangalia saa yake. Akaangalia viatu vyake mlangoni. Mimi nilimwangalia Madam, na nikajua ratiba yetu imekwisha, dirisha ni kubwa.

Madam alitugeukia sisi, sio mwalimu mkuu.

"Nimekosea," akasema. "Nimezifunika zikiwa zinawaka. Toeni daftari mwandike: kompyuta ikiwa kazini inapumua, haifunikwi."

Sikuwa nimewahi kumsikia mwalimu akisema nimekosea. Tulibaki na kalamu hewani. Hata Sir alikuwa amemkodolea macho, kisha, polepole, akatoa daftari lake naye akaandika.

"Mmemaliza? Toeni katoni."

Kwa saa nzima Madam aliita maneno nasi tukagonga katoni, mikono arobaini na kitu ikidonoa pamoja kama kuku. Mwalimu mkuu alipita kati yetu kwa soksi, akiinama juu ya mikono yetu. Mwanzo aliinama kutafuta kosa. Baadaye niliona anafuata vidole vya jirani yangu na midomo yake inatamka.

Mashine tatu ziliamka. Ya nne ilikataa, ikapelekwa Mombasa kutengenezwa. Tukaitwa mmoja mmoja kuandika. Hakuna kilichovunjika. Nilipofika mimi, mwalimu mkuu alivuta kiti akaketi karibu.

"Wewe wa rumba. Andika."

"Niandike nini, mwalimu?"

"Chochote kilicho kichwani mwako."

Hapo alikosea yeye. Kichwani mwangu tangu saa tatu kulikuwa na kitu kimoja tu. Naapa nilitaka kuandika jina la shule. Lakini vidole vilitoka vikaenda vyenyewe, na nilipoinua macho kioo kilikuwa kinasema: MWALIMU MKUU SOKSI YAKO IMETOBOKA.

Nilisikia mabati yakilia kwa joto. Madam alikuwa amefumba macho. Mwalimu mkuu alisoma, akashuka kwa macho mpaka mguuni, na kile kidole kikajikunja kujificha.

"Hakuangalia chini," akamwambia kijana wa Mombasa. "Umeona? Hakuangalia vidole hata mara moja."

"Nimeona, mzee."

"Hmm." Akanigeukia. "Hii inafutwaje?"

Nilimwonyesha. Akaketi kwenye kiti changu, akanyoosha kidole kimoja, akafuta soksi yake herufi moja baada ya nyingine. Kioo kikawa kitupu. Tulidhani atainuka. Hakuinuka. Akatafuta A, akaipata. Akatafuta L, ikachukua muda. Kisha akakwama.

"H iko wapi?" akaguna.

"Safu ya kati, mwalimu! Katikati!" tulijibu sote ishirini na watatu, na Sir pia.

Aliipata. Akaendelea hadi mwisho, akaegemea nyuma, nasi tukasoma: ALHAMISI.

"Ndiyo siku ya C," akasema akiinuka. "Saa nane mchana, maana hakuna mwingine anayeutaka muda huo. Madam, A na B wapangie wewe. Na huyu msichana wa rumba atafagia chumba hiki mpaka amalize shule."

Sasa niko kidato cha nne na bado nafagia. A wana Jumatatu, na wao pia huanza na katoni, hakuna cha nambari moja. Mwalimu wa Taveta alirudi kwao na katoni zangu sita chini ya kikapu. Sir siku hizi akikwama anatuambia, "Sijui, hebu tujaribu," japo hulisema neno la kwanza kwa sauti ndogo. Vitambaa vya Madam viko kazini usiku tu.

Na kila Alhamisi saa nane mwalimu mkuu hupita kukagua. Huvua viatu mlangoni taratibu sana, akihakikisha nimeona. Soksi ni mpya.