Mkutano wa Siku ya Jua

Muda wa mwenyekiti wetu wa kijiji kule Kinyala, wilayani Rungwe, uliisha nikiwa mwalimu mgeni, nimehamishiwa huko kutoka Dodoma. Uchaguzi ulipangwa kufanyika kwenye uwanja wa shule. Mvua ikanyesha. Mwenyekiti, chini ya mwavuli wake, akauliza kama tuahirishe mpaka siku ya jua. Mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, maana viatu vyangu vilikuwa vimejaa maji.

Nilikuwa sijaijua Rungwe. Huko mvua haina likizo. Tukaahirisha mara ya pili, mara ya tatu, mwisho nikaacha kuuliza. Enzi zile za soko huria wanunuzi binafsi wa kahawa walikuja na mizani zao, maduka yakajaa redio na mitumba, kila kitu kikabadilika isipokuwa mtu yule kwenye kiti kile. Nilichukia mno. Niliwaambia walimu wenzangu kwamba jua likitoka tu, namng'oa kwa kura yangu.

Likatoka, siku tatu mfululizo. Mkutano ukaitishwa. Kijiji kizima kilibaki nyumbani kuanika mahindi yaliyokuwa yameanza kuoza, na akidi haikutimia.

Mwenyekiti alirudi kutoka uwanjani peke yake. Alipopita kwangu alinikuta nageuza mahindi yangu kwenye turubai. Akaweka mwavuli chini, akainama kunisaidia.

"Wewe anika tu, mwalimu," akasema. "Mimi nipo."