Kompyuta Tulizoziacha

Mimi na wenzangu wawili tulikuwa tunatengeneza programu huria ya kuandaa ripoti za wanafunzi. Huria maana yake mtu yeyote anaichukua bure, na sisi hatulipwi. Mmoja alikuwa Brazili, mwingine Poland, mimi nilikuwa Mukendo, hapa Musoma, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka la vitambaa. Hatukuwahi kuonana.

Kila toleo jipya lilipaswa kujaribiwa pia kwenye kompyuta za zamani, na hakuna kati yetu aliyekuwa nazo. Tukachoka. Tukakubaliana kwa barua pepe kuacha kuzihudumia. Tangazo niliandika mimi: kwa kadiri tunavyofahamu, hakuna anayezitumia tena. Siku hiyo nilijiona mtu wa maana sana.

Wiki mbili baadaye alinipigia mama mdogo, mwalimu wa taaluma katika sekondari moja ya Butiama. Programu yake ya ripoti ilikuwa imegoma baada ya kuisasisha, na wazazi walikuwa wanakuja Ijumaa. Nikamuuliza ni programu gani. Akataja yetu. Hakujua kwamba naitengeneza. Nyumbani walijua tu nashindaga kwenye kompyuta, na walikuwa wananiombea nipate kazi.

Nikaenda. Ofisini kwake nilikuta kompyuta nne kuukuu, zimefunikwa vitambaa vya kudarizi kama makochi ya sebuleni. Nikamrudishia toleo la zamani, ripoti zikatoka. Kisha nikamwambia kwamba waliozitupa kompyuta zake ni sisi, na kwamba tulitangaza hakuna anayezitumia tena.

Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Watu mliwahesabu vipi?"

Nikasema hatukuhesabu.

"Si mngesema hamna muda? Ningeelewa. Hata mimi sinaga."

Akanipa moja, tuwe nayo ya kujaribia. Niliipakata kwenye bodaboda hadi Kiabakari, nikapanda gari la Musoma. Nilipowaandikia wenzangu kwamba tuanze tena kuzihudumia kompyuta za zamani, yule wa Poland alijibu kwa mstari mmoja: kama una mashine na una muda, kazi ni yako. Nikawa nimepanda cheo, bila mshahara kama kawaida.

Kazi hiyo ilinichukua karibu mwaka. Mashine ilikaa juu ya meza pekee niliyokuwa nayo, mimi nikawa nakula ugali sahani ikiwa magotini. Nilipomaliza kasoro ya mwisho, nilimpigia mama mdogo kumpa habari njema. Alinishukuru sana. Halafu akaniambia kwa upole kwamba shule ilipata kompyuta mpya tangu muhula uliopita, na zile kuukuu alizichukua fundi wa Bunda kwa ajili ya vipuri.

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Nilikuona umeipenda kazi," alisema.

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Asubuhi iliyofuata nilikuta barua pepe ya mtu nisiyemjua, anauliza kama kompyuta yake ya zamani itafaa kwa programu yetu. Nilimjibu kabla ya kunywa chai.