Mtoto Aliyekataa Kuitika

Mnanisumbua nieleze kisa hiki kana kwamba ni cha kuchekesha. Haya.

Mjukuu wangu, akiiga kile kipindi cha televisheni cha vijana wanyonya damu, alitunga hadithi kwenye simu. Msomaji huchagua njia. Mama anakuita kutoka gizani: ukitaka kuitika, bonyeza moja, ukitaka kunyamaza, bonyeza mbili. Aliyeitika alikuta pepo lenye sauti ya mamake, akafa. Watoto wote wa ploti yetu, jengo hili la vyumba vya kupanga hapa Huruma, waliisoma.

Jumamosi mchana jirani alimwita binti yake mdogo. Kimya. Akaita kwenye ngazi zote mpaka sauti ikakwaruza, na wanawake wakaanza kunong'onezana habari za watoto walioibwa. Mjukuu wangu akanishika leso.

"Shosho, mwambie aache kuita."

"Kwa nini?"

"Akizidi kuita, mtoto hatatoka."

Tulimpata juu ya paa, nyuma ya tangi la maji, amejikunja chini ya mashuka yaliyoanikwa, ameziba mdomo kwa viganja.

"Nilichagua mbili," akamwambia mjukuu wangu.

Watu husema watoto wa siku hizi hawasomi. Huyu alisoma, akatii.

Hadithi imefutwa, lakini mtoto bado haitiki. Mamake akatoa hukumu: kila akimtaka, mjukuu wangu ndiye atakayepanda paani kumtafuta na kumleta kwa mkono. Jana aliacha chai mezani akapanda. Aliporudi ilikuwa imepoa, na jirani alikuwa ameshabisha mlango wetu tena, akimtaka mtoto.