Mwalimu Breki na hofu aliyoacha kuikimbia

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Gari dogo jeupe la chuo cha udereva limezimika katikati ya mlima. Nyuma yake kuna lori la kokoto, na nyuma ya lori kuna foleni ya watu waliochelewa kazini. Honi zinalia kwa pamoja.

Kwenye usukani ni mjane wa miaka hamsini na minane, fundi cherehani anayejifunza udereva ili apeleke mwenyewe sare anazozishonea shule. Pembeni yake mwalimu amekunja mikono kifuani kama mtu anayesubiri chai.

"Hizo honi ni zao, mama, si zetu," anamwambia. "Vuta hendibreki, washa gari. Tunaanza upya."

Jaribio la kwanza gari linaruka kama chura na kuzimika tena. La pili linashika mlima. Wakifika juu, fundi cherehani anacheka hadi anajifuta machozi kwa kanga, na dereva wa lori anawapita akiwapungia mkono.

Asichokijua dereva huyo ni kwamba muda wote ule moyo wa mwalimu nao ulikuwa ukitwanga. Mwanamke huyu wa miaka arobaini na mitatu, mama wa watoto wawili, anaishi na ugonjwa wa wasiwasi kwa mwaka wa sita sasa. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Breki, kwa ajili ya pedali ya pili ya breki iliyo miguuni pake.

"Watu wanadhani nilizaliwa mtulivu," anasema, akikaa kwenye benchi la uani chuoni. "Utulivu huu nimeusomea, tena kwa ada kubwa."

Ugonjwa ulimwanzia siku isiyo na lolote. Barabara ilikuwa kavu, jua limetoka, naye alikuwa peke yake akienda kujaza mafuta. Ghafla vidole vikafa ganzi, pumzi ikakatika, kifua kikabana. Aliegesha gari, akauacha mlango wazi na kukaa ukingoni mwa barabara akisubiri kufa.

Hospitali walimpima moyo wakakuta hauna kasoro. Wiki chache baadaye alirudi mbio na dalili zilezile, na kisha tena. Mara ya tatu daktari alimwambia moyo wake ni mzima kuliko wa kwake yeye daktari.

Nyumbani hakukosa washauri. Wifi yake alimwambia ni mawazo tu, ajishughulishe. "Nilikuwa nafanya kazi toka asubuhi hadi magharibi," anasema. "Nijishughulishe na nini tena, nichimbe kisima?"

Hofu ilianza kumnyang'anya mji kipande kwa kipande. Kwanza aliacha kupita barabara kuu. Halafu mzunguko wa sokoni, halafu soko lenyewe. Kila alipokwepa mahali alipata nafuu ya siku mbili tatu, kisha hofu ikadai mahali pengine. Kazini alisingizia tairi, mtoto kuumwa, msiba wa watu wasiokuwepo. Mwishowe aliomba likizo isiyo na malipo, ikageuka karibu mwaka mzima wa kukaa ndani.

Mumewe, seremala, alibeba nyumba peke yake. Anakiri kuwa mwanzoni alidhani mkewe amemchoka yeye. "Nikimwambia twende kwa shemeji, hataki. Twende harusini, hataki. Nikajiuliza, huyu ananionea aibu?"

Mlango ulifunguka mahali wasipotarajia. Mkewe alikuwa amempeleka mtoto mdogo kliniki kwa kikohozi, na kwenye foleni hali ile ikamvamia mbele za watu. Muuguzi mmoja hakupiga kelele wala hakuita machela. Alikaa naye sakafuni, akamshika mkono.

"Akaniambia, 'Dada, hufi. Najua mwili unakwambia unakufa, lakini hufi. Tukae hapa hadi ipite.' Ikapita. Nililia, maana kwa mara ya kwanza mtu aliujua ugonjwa wangu kabla sijaueleza."

Muuguzi huyo alimwelekeza kwa daktari wa afya ya akili, naye akampa dawa na kumuunganisha na mshauri nasaha. Huko alielezwa kwamba mwili wake una king'ora kinacholia hata pasipo moto, na kwamba kila anapokimbia anakithibitishia kuwa moto ulikuwepo. Tiba ilikuwa kurudi, taratibu, kule alikokimbia.

Alianza kwa kukaa ndani ya gari la mumewe, pikapu kuukuu ya kubebea mbao, injini ikiwa imezimwa. Baadaye akawasha. Siku alipotoka getini, mumewe alitembea kando ya gari hadi mwisho wa mtaa kama anayesindikiza bibi harusi. Majirani walitoka kutazama.

"Walicheka, na mimi nikacheka," anasema. "Huku natetemeka, lakini nacheka."

Ilimchukua miezi kufika barabara kuu. Kuna wiki alizorudi nyuma. Alipoona yuko tayari kuomba kurudi kazini, aliamua kutodanganya tena. Alikaa mbele ya mwenye chuo, dereva mstaafu asiyependa maneno mengi, akamweleza yote.

Mzee huyo hakumkumbatia. Alimuuliza nani atawajibika hali ikimjia wakati mtoto wa mtu yuko kwenye usukani. Mwalimu Breki hakukasirika, kwani hata yeye angeuliza hivyo. Walikubaliana: kwanza daktari aridhie, kisha mwenye chuo ampime mwenyewe barabarani, wakati magari ni mengi.

Siku ya kupimwa, walipofika barabara kuu, katikati ya mabasi na malori, vidole vilianza kufa ganzi.

"Bosi, imekuja," alimwambia.

Mzee alishika kiti kwa mikono miwili. Mwanamke yule alipunguza mwendo, akakaa njia ya pembeni, akatoa pumzi ndefu. Zamani angepigana nayo au angekimbia. Safari hii aliiacha ije. Ilipanda hadi koo likakauka, ikasimama hapo, kisha ikaanza kushuka, na mikono yake haikuwa imeuachia usukani. Aliendesha hadi chuoni, akarudi nyuma na kuliingiza gari kati ya ukuta na gari jipya la mzee mwenyewe bila kugusa chochote.

Mzee alishuka, akalizunguka gari lake kulikagua, kisha akasema, "Kesho saa mbili una mwanafunzi."

Leo mwenye chuo anasimulia kisa hicho kwa kila mgeni. "Mwenye ugonjwa ni yeye," anasema, "lakini aliyeloa jasho siku ile ni mimi."

Hofu haijahama. Mwalimu Breki bado anameza dawa yake kila asubuhi na haoni haya kuitaja. Ameacha kahawa, anatembea kabla ya kifungua kinywa, analala mapema. Zamani alifundisha watu saba kwa siku. Sasa ni wanne, na kipato kimepungua kwa karibu theluthi. Akiamka vibaya humwambia katibu wa chuo waziwazi, na siku hiyo hufundisha alama za barabarani darasani.

Waoga wote wa mji sasa wanaletwa kwake. Fundi cherehani alikuwa ameanguka mtihani mara mbili alipokuwa chuo kingine. Wiki iliyopita, muda baada ya siku ile ya mlimani, alifaulu, na alipoitwa jina alimkumbatia askari aliyempima kabla ya kumkumbatia mwalimu wake.

Mwezi ujao ni zamu ya mwalimu kupimwa. Anasomea leseni ya basi, kwani anataka kufungua darasa la wanawake wanaotaka kuendesha magari makubwa. Mwenye chuo ameshamwahidi kiwanja cha nyuma.

Jumamosi aliendesha basi tupu kwa mara ya kwanza, mwalimu wake akiwa kiti cha pili. Aliporudi nyumbani, mtoto wake mdogo alimuuliza kama aliogopa.

"Nilimwambia ukweli," anasema, akiinuka kumpokea mwanafunzi wake wa saa nne. "Niliogopa sana, mwanangu. Na basi likaenda."