Yesu Anaokota

Baba mdogo wangu ni mchora vibao. Ukipita mtaani kwetu ukaona kibao cha kinyozi, cha fundi viatu au cha muuza matunda, jua ni mkono wake. Watu wanamwita Fundi Brashi, maana brashi haikosi nyuma ya sikio lake, hata akienda msibani. Mama mdogo humwambia, "Siku ukifa tutakuzika nayo, nani ataweza kuichomoa?" Naye hujibu, "Mnizike na mbili. Huko juu kuta ni nyingi."

Nimekaa kwao tangu nilipoacha shule darasa la nne, mama yangu alipougua. Si mtu wa maneno mengi mimi, naangalia tu. Mwaka haukuisha kwenye nyumba ile kabla sijagundua kwamba baba mdogo hajui kusoma.

Hakuna aliyeniambia. Niliona anavyofanya kazi. Mtu anayejua kusoma akitaka kuandika DUKA ataanza na D aende mpaka A. Baba mdogo haendi hivyo. Anabandika karatasi ya mteja mbele yake, anapiga mistari miwili ya chaki ukutani, wa juu na wa chini, halafu anachora maumbo yanayofanana. O kwake ni yai. A ni ngazi. E ni kitana, S ni nyoka aliyeshiba, K ni mtu anayepiga teke. Atachora mayai yote kwanza, kila moja mahali pake, kisha ngazi zote, kisha vitana. Ukipita mchana huoni neno, unaona ukuta uliotagiwa mayai. Ukirudi jioni kila kitu kimekaa, na mwenye duka anakenua meno.

Herufi T yeye anaiita msalaba. Siku moja, akiwa anaosha brashi uani, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Unajua nini, binti? Mafundi viatu wote ni watu wa Mungu. Sijawahi kumchorea fundi viatu ambaye hakutaka msalaba kwenye kibao chake."

Nikamsogezea kopo.

"Na wauza matunda. Na wauza vitanda. Wanauweka katikati huko, hawajionyeshi. Hiyo ndiyo imani." Akakung'uta brashi. "Ila vinyozi, sijui wana nini."

Moyo wa kumwambia sikuwa nao. Alikuwa na furaha sana na mafundi viatu wake.

Shida ni kwamba kanisani baba mdogo ni mzee wa kanisa, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi ilikuwa zamu yake kusoma Neno mbele ya watu. Jumamosi mama mdogo alikuwa anamsomea sura nzima huku anapiga pasi, mara tatu, mara nne, mpaka shati linakauka na sura imeingia kichwani. Kesho yake baba mdogo anasimama, anafungua Biblia, anatembeza kidole, anafika mwisho wa ukurasa na kuufunua kwa wakati wake. Hakukosea hata siku moja. Ukimwangalia mama mdogo pale kwenye benchi la akina mama, midomo yake ilikuwa inatembea pamoja naye. Miaka ishirini na mitatu wamefanya hivyo. Baba mdogo haogopi kupanda ngazi ndefu kwenye upepo, lakini hilo lijulikane? Bora aanguke.

Sasa, mwaka huu Mchungaji alitaka ukuta wa kanisa unaotazama barabara uandikwe maneno mawili makubwa. Karani wa kanisa akapewa kazi ya kuyaandika kwenye karatasi. Huyu Karani ni dada wa miwani, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kuchapa, na hapo ndipo panapomponza. Aliwahi kuchapa tangazo la harusi, badala ya "maharusi" akaandika "marehemu". Likasomwa hivyohivyo, na mama wa bibi harusi nusura azimie. Siku hiyo Mchungaji alimwambia mbele ya watu kwamba kosa moja tena, kwenye meza ile atakaa mtu mwingine. Na Karani anaipenda ile meza. Kila asubuhi anaifuta kama anamwogesha mtoto.

Akaandika: YESU ANAOKOA. Akampa baba mdogo.

Ijumaa zikachorwa mayai na ngazi. Jumamosi baba mdogo akakuta tatizo. Ngazi ya mwisho alikuwa ameiweka mwisho kabisa wa ukuta ili maneno yajae vizuri, na katikati yake na lile yai la pili pakabaki nafasi tupu, upana wa herufi nzima. Mwingine angeogopa. Yeye akafurahi. Ukuta ni wa kanisa, nafasi ipo, rangi ya buluu imebaki. Akaweka msalaba. Mkubwa, kutoka mstari wa chaki wa chini mpaka wa juu, na kwa kuwa mstari wa juu haukumruhusu kupita, mti wa kukingama akauweka juu kabisa. Kisha akafutia brashi ile karatasi ya Karani, akashuka.

Jioni hiyo alikula akitabasamu peke yake. "Nimewaongezea kitu bila kuombwa. Kesho mtakiona."

Kesho yake tulikuta watu wamesimama barabarani wakitazama juu. Vijana wa pikipiki ng'ambo walikuwa hoi kwa kicheko.

"Fundi! Yesu anaokota nini? Makopo au vyuma chakavu?"

"Anaokota vyote!" baba mdogo akawajibu, akicheka nao, akidhani ni utani wao wa kila siku.

Mama mdogo alisimama ghafla hata nikamgonga mgongoni. Nikainua macho. YESU ANAOKOTA. Herufi zimenyooka, buluu inang'aa.

Mchungaji alikuwa mlangoni na Karani. "Uliandika nini kwenye karatasi?"

"Niliandika anaokoa, Mchungaji."

"Kama ulivyoandika marehemu?"

Watu wakacheka.

"Haki ya Mungu niliandika anaokoa!"

"Fundi, ile karatasi iko wapi?"

"Nilifutia brashi," akasema baba mdogo, bado hajui kuna nini.

"Basi. Fundi huchora anachopewa, na miaka yote hajakosea herufi. Wazee tuna kikao saa nane. Na wewe Karani uwepo."

Karani alivua miwani, akaanza kuifuta, na haikuwa chafu.

Nyumbani ni karibu na kanisa, kwa hiyo baada ya ibada tulirudi kula. Hakuna aliyekula. Baba mdogo akaweka kijiko chini.

"Haya, semeni. Kuna nini kwenye ukuta wangu?"

"Ule msalaba," mama mdogo akasema taratibu. "Ni herufi, Fundi."

"Herufi gani?"

"Te. Kwa hiyo haisomeki anaokoa. Inasomeka anaokota."

Akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Tangu lini ikawa herufi?"

"Tangu zamani."

"Hata kwenye viatu?"

"Hata kwenye viatu."

"Na vitanda?"

"Baba," nikasema, "vyote."

Akakizungusha kijiko mezani. Nilijua hawazi ukuta peke yake, anawapitia mafundi viatu wake mmoja mmoja. "Kwa hiyo wale wote…"

"Wengine wanaamini," mama mdogo akamwambia. "Ila si kwa sababu ya kibao."

Angeweza kucheka, maana hata mimi kicheko kilinikaba. Lakini akauliza, "Nikinyamaza?"

"Ukinyamaza, saa nane wanamwondoa yule binti kwenye meza yake."

"Nikisema, watauliza kwa nini sikuona mwenyewe kwamba neno limeharibika."

"Watauliza."

"Na nikiwajibu hilo, nimewajibu yote."

Mama mdogo hakumwambia afanye nini. Alichukua sahani yake iliyopoa, akaifunika. Mimi nilimwomba Mungu kimoyomoyo, na sikujua niombe nini hasa, kwa hiyo nilisema tu: huyu ni wako, mshike.

Saa nane wazee walikaa kwenye mabenchi mawili yanayotazamana. Mimi na mama mdogo tulikaa nyuma. Mchungaji alikuwa bado anafungua daftari la kikao baba mdogo aliposimama.

"Kabla hamjaanza. Kosa ni langu. Karani aliandika sawa."

"Fundi, usimbebee mtu mzigo wake," Mchungaji akasema. "Una huruma, tunakujua."

"Sina huruma yoyote. Ile te niliiweka mimi. Nilidhani ni msalaba." Akamtazama mama mdogo. "Mimi sijui kusoma."

Mzee mmoja akacheka, akakuta amecheka peke yake, akakohoa.

"Hujui kusoma vipi? Juzi tu umetusomea sura nzima."

"Mke wangu ndiye aliyesoma, Jumamosi, akipiga pasi. Mimi nimekariri. Miaka ishirini na mitatu nimesimama pale nimeshika Biblia nikiwadanganya kwa kidole." Akamgeukia Karani. "Mwanangu, asubuhi umechekwa kwa ajili yangu. Nisamehe."

Karani alitikisa kichwa kukubali, kwa mara ya kwanza tangu nimjue bila mzaha.

Mchungaji alifunga daftari. Alisema kwa upole lakini alisema: zamu ya kusoma, Fundi ataipumzisha. Baba mdogo akajibu, "Ipumzike." Niliona ilivyomuuma. Alikuwa anaipenda zamu ile, alikuwa akiichagulia shati tangu Alhamisi.

Mimi nilizoea kufikiri kwamba siku ya imani ya baba mdogo ni ile anayosimama mbele na kusoma bila kukosea. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba Mungu alikuwa akimsikia miaka yote kwenye chumba cha pasi, na hakuwa na haja na kile kidole.

Wakahamia kwenye ukuta. Mchungaji akasema ufutwe kesho asubuhi. Hapo akanyoosha mkono mfagiaji wa kanisa, aliyekuwa ameegemea mlango na fagio lake. Watu wanamwita Mtaro, na yeye mwenyewe anaitika, kwa sababu mtaroni ndimo walimomkuta akina mama wa kanisa, amelewa, mvua inamnyeshea, nguo moja mwilini.

"Mnafuta kwa nini?"

"Kwa sababu ni kosa, Mtaro. Si ndivyo tulivyokusudia."

"Sawa. Lakini mkisema kuokoa, mimi naweza nikafikiri ni kuitwa tu ukiwa mbali, njoo, njoo. Mimi nisingekuja, miguu haikuwepo." Akaangalia chini. "Anayeokota huinama."

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema ni kweli, mwingine akasema watu barabarani hawataelewa, wa tatu akasema wamekwisha kuelewa maana wanasimama kutazama. Kikao kikaahirishwa. Mpaka leo ninapoandika haya kimeahirishwa mara nne, na Mchungaji mwenyewe mara mbili amehubiri habari ya kuinama.

Tulipotoka, Karani alitufuata mbio mpaka getini.

"Baba, ningekuwa mimi ningenyamaza."

"Nilitaka sana. Nikaikumbuka meza yako."

"Jumatano jioni ofisi huwa tupu. Ukipenda, tuanze na te." Akashindwa kujizuia, akacheka, na baba mdogo naye akacheka, ingawa macho yake yalikuwa mekundu.

"Nina miaka hamsini na sita, mwanangu."

"Mimi sijakuuliza miaka. Nimesema Jumatano."

Tukashika njia. Watu walikuwa wamekwisha kusikia, maana mtaa wetu habari hazisubiri kikao kiishe. Mwenye duka la kona alitoka nje kabisa kututazama. Mama mdogo akamshika baba mdogo mkono, kiganja kwa kiganja, barabarani mchana kweupe. Sijawahi kuwaona wakifanya hivyo.

"Watu wanatusoma," akasema baba mdogo.

"Waache wasome."