Nyumba ya Mlezi

Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu, hajatamka neno bado, nilipomwacha kwa mama yangu Kilole, nikaenda Sindeni kulea watoto wa watu wengine.

Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya ulezi, na barua ya kunipangia kituo ilikuwa na muhuri wa wilaya. Ilisema kijiji kitampatia mlezi nyumba ya kuishi. Mama aliitia moyoni sentensi hiyo moja. Baba wa mtoto alikuwa amekwenda kutafuta kazi Moshi na hakurudi, kwa hiyo mshahara wangu ulitakiwa sana pale nyumbani. Mama akaniambia, "Nenda ukaione hiyo nyumba kwanza. Ukishatulia, njoo umchukue mwanao."

Mwenyekiti wa kijiji alinipokea vizuri. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mikono imejaa sugu za jembe. Nilipomwamkia na kumwonyesha barua, aliisoma polepole mpaka mwisho, akaikunja, akanirudishia.

"Mwalimu, nyumba tumeipanga," alisema. "Itajengwa baada ya mavuno."

Kituo chenyewe kilikuwa nusu ya ghala la kijiji. Nusu ya pili walihifadhi majembe na magunia. Mimi nikapewa kitanda kwa bibi mmoja aliyekuwa mpishi wa uji wa watoto, chumba kimoja tu, tukalala humo mimi, yeye na wajukuu zake watatu. Hapakuwa na nafasi ya kuongeza hata kikapu, sembuse mtoto.

Basi nikaanza kazi. Asubuhi akina mama waliokuwa wakienda shamba la kijiji walipitia ghalani, kila mmoja na mtoto mgongoni na unga kidogo kwenye kibakuli. Unga wote ulimwagwa kwenye sufuria moja. Watoto wengi walijua Kizigua tu, na mimi lugha ya nyumbani kwetu ilikuwa Kishambaa, kwa kuwa wazazi wangu walitoka Mashewa. Tukakutana kwenye Kiswahili, wao wakijifunza maneno na mimi nikijifunza kunyamaza na kuwasikiliza. Niliwafundisha kunawa mikono na kuimba. Mchana walilala kwenye mikeka wakiwa wamepangana kama mahindi juani.

Palikuwa na mtoto mmoja wa kike ambaye hakukubali kulala mkekani. Alikuwa rika la mwanangu. Nilimfunga mgongoni kwa kanga, nikatembea naye ghalani kutoka mlango hadi ukuta, na alipolala kichwa chake kililala palepale kwenye bega ambapo kichwa cha mwanangu kilizoea kulala. Mara nyingi nilikawia kumshusha. Bibi mpishi aliniona, akaendelea kukoroga uji wake.

Nilikwenda Kilole mara moja kwa mwezi, nikipata gari. Safari ya nane au ya tisa, binti yangu alijificha nyuma ya mama. Nilipomnyooshea mikono aliuliza, "Mama, huyu dada anataka nini?" Hakuwa akiniuliza mimi.

Mama aliona haya kuliko mimi. "Sikumfundisha, mwanangu," alisema. "Anasikia wadogo zako wanavyotuita, naye anaita hivyohivyo."

"Najua, mama."

"Hiyo nyumba vipi?"

"Baada ya mavuno."

Mavuno hayakuja. Mvua ilinyesha siku chache ikakata, mahindi yakasimama makavu yakiwa yamefika magotini. Vibakuli vya unga vikapungua asubuhi baada ya asubuhi, mpaka akina mama wengine wakaona aibu kuleta watoto mikono mitupu, wakaacha kuwaleta. Kisha wilaya ikatuma unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, malori kwa malori, na halmashauri ya kijiji ikaitisha mkutano. Walitaka ghala lote. Kituo kifungwe kwa muda.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Nilimwelewa hata siku ile. "Ndugu zangu," alisema, "unga huu ukinyeshewa, hao watoto wenyewe watakula nini?"

Bibi mpishi alisimama. Sikuwahi kumsikia akiongea mbele za watu. "Ndugu mwenyekiti, mnataka kesho twende shamba la kijiji?"

"Ndiyo, bibi. Mihogo lazima ipandwe."

"Na watoto tuwaweke wapi?"

Mzee mmoja akadakia kwamba zamani wanawake walilima na watoto wao mgongoni, na hakuna aliyekufa. Watu wakacheka. Bibi akakaa chini.

Kesho yake wanawake walikwenda shambani na watoto wote. Sikuambiwa kama walipatana au la. Waliwakalisha kwenye matuta, na mimi nikaenda nao kwa sababu sikuwa na kituo tena. Jua lilipokuwa kali watoto walianza kulia, wengine wakatambaa kufuata mama zao, kazi ikawa ya kusimama kila dakika. Mtoto mmoja wa kiume akamfuata mwenyekiti, pengine kwa sababu alimwona anang'aa kwa jasho. Mwenyekiti hakumwona. Aliinua jembe, akalishusha, na ncha yake ikampata mtoto kwenye kidole cha mguu.

Sijasahau uso wa mwanamume yule. Alilitupa jembe, akambeba mtoto, akaanza kukimbia kuelekea zahanati, na damu ikitiririka kwenye shati lake. Ni mbali. Alikataa kupokewa mtoto na mtu yeyote njiani.

Kidole kilipona, kikabaki na kovu. Wiki ileile halmashauri ilikutana tena, na safari hii hakuna aliyecheka. Wanaume walikata miti, wanawake wakachota maji na kukandika udongo. Unga ukabaki ghalani, na kando yake ukajengwa ukumbi wa watoto, na kando ya ukumbi nyumba ya vyumba viwili kwa ajili ya mlezi. Bibi maendeleo, ofisa wa wilaya aliyetia saini barua yangu, alipofika kukagua, aliandika kwamba kijiji kimetekeleza maagizo. Nilimpikia chai katika nyumba ambayo barua yake ilikuwa imeiahidi karibu miaka miwili kabla. Sikumweleza lolote kuhusu kidole.

Nikaenda Kilole kumchukua mwanangu. Mama alikuwa ameshamfungia nguo zake kwenye kitambaa. Hakulia. Alikaa na ungo akipepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa, mpaka gari letu likaondoka.

"Tutarudi lini nyumbani?" mtoto aliniuliza tulipovuka daraja.

"Tunakwenda nyumbani," nilimjibu.

Akanitazama kana kwamba nimekosea njia.

Tulikaa naye muda wa msimu mmoja wa mvua. Kituoni aliniita mwalimu kama wenzake, na nyumbani vilevile. Nilimpikia, nikamwogesha, nikalala naye kitanda kimoja. Kila asubuhi alikwenda kukaa kizingitini akiangalia barabara ya Korogwe, ile ya kwenda kwa bibi yake. Alikonda. Bibi mpishi, aliyemzoea haraka kuliko mimi, aliniambia, "Mwanangu, huyu mtoto anaumwa kwa kukumbuka kwao."

Mama alipokuja kututembelea, mtoto alimwona akiwa bado mbali. Sijawahi kuona mtoto akikimbia namna ile. Siku ya kuondoka hakuna aliyemwuliza kitu. Alimshika bibi yake mkono, na mimi nikachukua mzigo wao nikawasindikiza barabarani.

Nilibaki Sindeni miaka mingi katika vile vyumba viwili. Watu wazima niliowalea wananiamkia hadi leo sokoni Handeni, na mara nyingine nakumbuka pua zao kabla ya majina yao. Binti yangu sasa ana watoto wake. Ananiita mama, na ananitunza vizuri, sina la kulalamika.

Mwaka baada ya kumzika mama yangu, alikuja na mtoto wake mdogo, aliyeanza kuongea mapema kuliko ndugu zake wote. Binti yangu alikuwa na furaha sana. Tukakaa uani tukichambua mchicha, akaniuliza, "Mama, mimi neno langu la kwanza lilikuwa nini?"

Nikamwambia sijui. Bibi yake alikuwa akijua.

Akasema si neno, akaendelea kuchambua. Mimi nikamchukua yule mdogo, nikamfunga mgongoni, nikazunguka naye uani mpaka akalala, na sikumshusha.